Seva ikatae barua isiyo na lebo, isikisie

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme na wenzangu wanaosimamia seva za barua pepe, hasa walioletewa agizo kwamba kuanzia sasa kila ujumbe utoke ukiwa na daraja lake la usiri. Agizo lenyewe huwa sentensi moja tu. Wakaguzi wanaofuata ISO/IEC 27001 ya 2022, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, hulidai kwa vipengele 5.12 na 5.13, kimoja cha kuainisha taarifa na kingine cha kuzibandika lebo. Namna ya kulitekeleza kwenye seva haimo, na hapo ndipo wengi hukimbilia njia ya mkato: ujumbe ukija bila lebo, seva inaubandika "NDANI" na kuuachia upite. Ripoti inasoma asilimia 100, mkubwa anaridhika.

Lebo ya namna hiyo ni pambo. Aliyeandika ndiye anayejua kama jedwali alilopachika ni la mishahara au la zamu za usafi. Seva haina habari. Kazi ya seva ni kukataa, na ikatae mapema, mtumaji akiwa bado anaitazama skrini.

Mapema maana yake ni kwenye poti 587, ile wanayopitia watumiaji wenu baada ya kuingia kwa nywila. Kanuni hii isiguse poti 25, inayopokea barua kutoka seva za nje. Ukiiweka huko utawarudishia watu wa nje barua zao kwa kukosa lebo ambayo hawajapata kuisikia. Jibu la seva liwe 550 5.7.1, yaani nimekataa kabisa. Majibu yanayoanza na 4 maana yake ni jaribu tena baadaye, na programu nyingi zitatii: barua itabaki kwenye foleni ya simu ikirudiwarudiwa kimyakimya huku mwenyewe anaamini imefika. Na tafadhali, maneno ya kukataa yaandikwe kwa ajili ya mhasibu, si kwa ajili ya fundi: "Ujumbe haujatumwa. Andika [UMMA], [NDANI] au [SIRI] kwenye mada, kisha tuma tena." Yatosha.

Wanaotumia Postfix, programu ya seva ya barua, huanza na header_checks, orodha yake ya kanuni za kukagua heda (mistari ya juu ya barua kama mtumaji na mada), kwa kuwa ni mistari miwili mitatu tu. Inafaa kwa majaribio, haifai kwa kazi yenyewe. Kwanza, husoma heda moja moja, kwa hiyo haiwezi kusema "heda hii haipo". Ukiandika kanuni ya kukataa mada isiyo na lebo, ujumbe usio na mada kabisa utapita, maana hakuna mstari wa kukaguliwa. Pili, kanuni hizohizo hukagua pia heda za barua iliyopachikwa ndani ya barua nyingine, labda uwe umeiweka nested_header_checks kuwa tupu. Mtu anapachika barua ya mwaka juzi, mada yake ya nje ina lebo safi, na bado anakataliwa. Atakupigia simu, na atakuwa na haki. Tatu, header_checks hufanya kazi kwenye cleanup, sehemu ya Postfix inayoandaa barua kabla ya foleni, ambayo kwa kawaida huhudumia poti zote, hivyo inabidi uitengenezee submission, yaani huduma ya poti 587, cleanup yake peke yake.

Lakini kinachowatesa watu zaidi ni usimbaji wa mada, yaani programu kuigeuza kuwa herufi nyingine kabla ya kuituma. Mtumiaji anaandika "[SIRI] Mkataba mpya", halafu anaongeza emoji, au simu inamwekea yenyewe alama za kunukuu zilizopinda. Herufi hizo si za ASCII, seti ya herufi za msingi za kompyuta, na baadhi ya programu husimba mada nzima kwa base64. Kwenye seva [SIRI] hufika ikisomeka W1NJUkld. header_checks haifumbui kitu; inaona lebo haipo, inakataa. Mtumiaji anatazama mada yake, lebo anaiona, na kuanzia siku hiyo hawaamini tena mafundi wa seva.

Kwa sababu hiyo ukaguzi ufanywe na milta, programu ya pembeni ambayo seva huipa kila barua iikague, iliyowekwa chini ya smtpd_milters ya huduma ya submission kwenye master.cf, faili la mipangilio ya Postfix, nayo ifumbue mada kabla ya kuipima. Mwenye Exim, programu nyingine ya seva ya barua, ana nafuu: kwenye acl_smtp_data, hatua yake ya ukaguzi, ujumbe wote umeshafika, na $h_subject:, yaani mada, huja ikiwa imefumbuliwa tayari. Kwa vyovyote, usiidai lebo iwe mwanzoni mwa mada. Majibu huanza na "RE:", na kanuni yenye alama ya ^, inayodai lebo iwe mwanzoni kabisa, itayakataa yote. Mada ikibeba lebo mbili, kwa mfano "[NDANI] RE: [SIRI]", ihesabiwe ile ya usiri mkubwa zaidi.

Misamaha iandaliwe kabla ya kanuni kuwashwa. Taarifa za barua kutofika, zenye mtumaji mtupu <>, ziachwe zipite. Skana, mashine za kuchapa na hati za usiku, yaani programu ndogo zinazotuma barua zenyewe, zipewe kila moja akaunti yake na lebo iliyopangwa. Hapa tu ndipo naikubali lebo ya kujiwekea, kwa kuwa mwenye mashine ameshaamua. Wengi husahau majibu ya mialiko ya kalenda. Mwaliko umetoka nje bila lebo, mtumiaji anabonyeza kukubali, jibu linajitengeneza kwa mada ileile, seva inakataa, na hana mahali pa kuandika lebo. Ruhusu text/calendar yenye method=REPLY, ndiyo alama ya jibu la mwaliko.

Kama milta yako inaongeza heda au kugusa mada, itangulie ile inayotia saini ya DKIM, inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenu na haijabadilishwa. Postfix huziita milta kwa mpangilio ulioziandika. Ukizigeuza, saini inavunjika na barua zenu halali zitaanza kutiliwa shaka huko ziendako.

Kuhusu idadi ya lebo, tatu zatosha, nne ndiyo mwisho. Hata TLP 2.0 ya mwaka 2022, mfumo wa lebo za kugawana taarifa unaotumiwa na wataalamu wa usalama wenyewe, ina nne za msingi, RED, AMBER, GREEN na CLEAR, pamoja na AMBER+STRICT. Mtu akipewa saba atachagua ya kwanza kwenye orodha.

Anzeni kwa kuandika kwenye logi tu bila kukataa. Milta ipitishe kila kitu na irekodi akaunti, programu iliyotuma na mada kama ilivyosomeka. Wiki mbili hazitoshi, maana ripoti za mwisho wa mwezi hazitakuwa zimetoka zote. Subirini mwezi mzima upite. Kisha kataeni kwa idara moja, ikiwezekana ya kwenu wenyewe. Baada ya hapo hesabuni kila wiki waliokataliwa kwa kila akaunti. Akaunti yenye mamia ni hati iliyosahauliwa. Na ile isiyokataliwa hata mara moja, ambayo viambatisho vyake vyote ni [UMMA], mwendeeni mwenyewe mezani kwake mkaongee.

Msimamizi wa seva za barua pepe