Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mkaa, Msitu na Riziki Yetu Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wachomaji, wasafirishaji na wauzaji wa mkaa,

Ahsanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka vijiji vya ndani Kilosa, mkoani Morogoro, na kulala njiani kwa sababu ya barabara. Katibu atasoma majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, tutasimama kuwaombea, kisha mweka hazina atasoma hesabu. Hesabu zimekaguliwa na kila tawi limepewa nakala, kwa hiyo sitazirudia hapa. Nitazungumzia jambo lililotunyima usingizi mwaka mzima: nchi imeamua kuacha kupikia mkaa, na sisi mkaa ndio unaotusomeshea watoto.

Tarehe 31 Januari 2024 ulifika ukomo uliowekwa na Serikali wa kupikia kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Kwa wanachama wetu wa mjini hao walikuwa wateja wa jumla. Shule ya bweni inachukua mzigo wa lori kwa mkupuo, haipigi kelele kwa sababu ya chenga, na muhula ukifunguliwa inarudi. Ndani ya wiki chache oda zikakauka. Mama mmoja wa tawi la mjini alibaki na mzigo alioulipia ushuru wote, huku shule aliyokuwa akiihudumia kwa miaka ikiwa bado haijamlipa wa muhula uliotangulia. Deni hilo nimelifuatilia mwenyewe mara nne. Limelipwa nusu.

Katika safari hizo niliambiwa nimsubiri mhasibu, nikaenda kukaa jikoni. Sasa wanapikia gesi. Mpishi mkuu, mama mtu mzima, alinionyesha ukuta wa jiko la zamani, umeganda masizi kama chungu cha pombe, kisha akaniambia: "Mwenyekiti, mimi nimelia miaka kumi na sita bila msiba." Nilikosa la kumjibu. Serikali inataja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa majikoni, na wengi wao ni mama zetu na watoto wanaobebwa mgongoni wakati chakula kinaiva. Kwa hiyo asitegemee mtu kwamba nitasimama hapa kudai mama yule arudishwe kwenye moshi ili sisi tuuze.

Tarehe 8 Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye Rais Samia alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa wa jambo hilihili, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Mwaka huohuo mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji imeanza kuingiza umeme kwenye gridi, na bwawa zima lina uwezo wa megawati 2,115. Nayasema haya kwa sababu bado wapo wenzetu wanaodhani ni upepo wa kupita, kama Januari 2006 mkaa ulipopigwa marufuku nchi nzima na marufuku yenyewe isifike mbali. Wakati ule hapakuwa na kitu cha kuweka jikoni badala ya mkaa. Sasa kipo, ingawa hakijawafikia wote.

Na msitu nao unakwisha kweli. Takwimu za Serikali zinasema nchi inapoteza hekta 469,420 kila mwaka. Sehemu kubwa inafyekwa kwa ajili ya mashamba, hilo nalisema popote ninapoitwa, maana mahindi na ufuta havirudishi mti. Shamba likiendelea kulimwa, msitu wa myombo haurudi. Lakini mkaa unaotolewa wakati wa kufyeka shamba unauzwa na nani? Unapita kwenye mikono yetu.

Hapa ndipo ninapowaomba tuelewane. Mchomaji wa kitalu, anayevuna kwa kibali kwenye eneo lililotengwa, na mchomaji wa usiku, anayechoma kwa kujificha bila kibali, hawafanyi kazi moja, ila sheria inapowaweka kapu moja, anayeumia ni wa kitalu.

Wa Kilosa mnaijua habari hii, ila wajumbe wa mjini wengi hawajaiona kwa macho. Tangu 2012, vijiji kadhaa vya wilaya hiyo vilianza kuvuna mkaa kwa mpango, vikisaidiwa na mashirika ya uhifadhi kwa fedha za Uswisi. Sehemu ndogo tu ya msitu wa kijiji inatengwa kwa mkaa. Inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti: kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa. Kando ya mto hukati. Mti wenye kiota unauruka. Kisiki unakiacha usawa wa goti ili kichipue, na kitalu ulichovuna hukirudii mpaka ipite miaka 24. Ushuru unaingia kwenye akaunti ya kijiji, na kuna madarasa na zahanati zilizojengwa kwa fedha hizo. Novemba nilipita kwenye kitalu kilichovunwa miaka ya mwanzo. Machipukizi ya mtondoro yamenizidi kimo, na ndege wamerudi humo.

Tanuri lenyewe ni tofauti. Magogo yanakaushwa kwanza, yanapangwa kwa kubanana bila kuacha nafasi, yanafunikwa majani kisha udongo, na bomba la moshi linawekwa. Baada ya hapo kazi ni kusoma moshi. Mweupe mzito ni maji yanatoka kwenye mti. Ukianza kuwa mwembamba wa buluu, mkaa umeiva, ziba. Ukilala ufa ukafunguka ubavuni, asubuhi unakuta majivu. Vijana wetu wanakesha wamefunga shuka kiunoni, koleo mkononi, wakiziba nyufa. Wanapata mkaa mwingi zaidi kwa mti uleule kuliko yule anayechoma harakaharaka akiogopa doria. Hofu nayo inakula miti.

Sasa angalieni bei. Kanuni za mwaka 2019 zilimpangia mwenye kibali kulipa shilingi 250 kwa kilo, yaani 12,500 kwa gunia la kilo 50. Anakata hati ya kusafirishia, anasafiri mchana tu, anasimama kwenye kila geti. Wa usiku anafunga magunia matatu kwenye pikipiki, anazima taa, anapita njia za ng'ombe. Wakifika sokoni wanakutana kwa mteja mmoja. Nani atauza kwanza? Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba biashara ya mkaa nchini ilikuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, na kwamba Serikali ilikuwa ikipoteza kama dola milioni 100 za mapato. Fedha hizo zinapotelea kwenye njia za ng'ombe, na doria nyingi zinasimama barabara kuu, kumkagua mwenye karatasi.

Ombi letu tulilolipeleka kwa barua mbili mwaka huu ni hilo tu: mkaa wa kitalu utambulike, uwe na alama yake kwenye gunia, na tozo yake iwe nafuu kuliko ya mkaa mwingine wa halali. Hatukuomba katazo la taasisi liondolewe. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya pili tunasubiri.

Kuhusu soko la mtaani, nilitembea na wauzaji wetu Manzese na Tandale kwa siku mbili. Nyumba nyingi zina mtungi wa kilo 6 kwenye kona. Gesi ni ya chai ya asubuhi na kupasha kiporo, mkaa ni wa maharage na makande. Mtungi ukiisha tarehe 20 unakaa mtupu mpaka mshahara, kwa sababu mama hawezi kununua nusu mtungi, lakini kopo la mkaa analipata kwa hela ya mboga. Nguvu yetu yote iko kwenye lile kopo. Na lenyewe halitadumu: tayari ipo gesi inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, na lipo jiko la umeme la presha linaloivisha maharage bila kumaliza uniti moja. Nimelinunua, liko nyumbani kwangu. Linafanya kazi.

Kwa upande wetu ndani, mambo hayakuwa safi. Wanachama wawili walikamatwa wakichoma ndani ya mita 60 za mto, eneo ambalo Sheria ya Mazingira ya 2004 inalizuia wazi. Kamati iliwasimamisha. Wapo waliokuja kunilaumu kwamba chama kimewatupa ndugu zake. Nimewapokea, nimewasikiliza, na uamuzi umebaki palepale. Hatuwezi kwenda wilayani kuomba mkaa wa kitalu uheshimiwe huku sisi wenyewe tunakausha chemchemi za wenzetu.

Kamati inaleta hoja tatu. Mwanachama atakayepatikana na mkaa usio na hati mara ya pili aondolewe kabisa, si kusimamishwa. Robo ya michango ya mwaka iende kwenye mfuko wa mitaji kwa wauzaji wanaotaka kuongeza gesi, mkaa mbadala usiotokana na miti au majiko ya umeme kwenye mabanda yao, tukianza na akina mama waliopoteza oda za taasisi. Na kila tawi la kijijini lipeleke vijana wawili kujifunza tanuri lililoboreshwa Kilosa kabla ya kiangazi; wenyeji wetu wamekubali kuwapokea na kuwalaza.

Hoja ya mfuko najua ina upinzani, hasa kwa wachomaji wanaoona inawanufaisha wauzaji peke yao. Wanayo sababu, na nimeomba msemaji wao apewe nafasi ya kwanza kuzungumza. Karatasi za kura ziko kwa katibu. Wenye deni la ada wanaweza kulimaliza sasa hivi mezani kwa mweka hazina ili wapige kura, na tukimaliza chai tunaanza na hoja ya kwanza.