Risala ya Kikundi cha Wasindikaji Zabibu Hombolo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kugawana Faida ya Msimu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata na Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii,
Viongozi wa dini, wazee wetu, wageni waalikwa na wanakikundi wenzangu,

Mbukwenyi!

Kwa niaba ya wanakikundi wote 22, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako za mjini ukaja Hombolo na vumbi lake. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala kama hii huwa haikosi sentensi ya "kikundi chetu kina umoja na mshikamano". Mimi katibu niliiandika. Mwenyekiti alipoisoma aliniangalia, tukacheka wote wawili, tukaifuta. Wewe utaombwa mambo hapa leo, na anayeombwa ana haki ya kujua anamsaidia nani. Tunaomba basi tukueleze tulivyogombana.

Dalili ya kwanza ilikuwa sufuria. Miaka yote tulipika chungu kimoja mchana: ugali wa uwele, mlenda, na dagaa siku hela ikiwepo. Msimu wa Agosti wa mwaka juzi akina mama wawili wakaja na sufuria lao. Wiki iliyofuata watu 9 walikuwa wanakula upande wa pili wa banda. Hakuna aliyeuliza. Uongozi tulijiambia ni mambo ya tumbo, yataisha, na hilo ndilo kosa letu kubwa kuliko yote yaliyofuata.

Wapo waliosema ni ukabila, kwa kuwa tuna Wagogo, Warangi, Wanyaturu na Wasukuma. Ukichungulia masufuria yale, kila moja lilikuwa na makabila yote. Kilichotugawa ni kazi. Wachumaji huingia shambani saa 12 asubuhi na kutoka na mgongo unaouma. Wakaushaji hubaki bandani kivulini. Na malipo ni sawa. Wachumaji waliliona hilo kila siku wakanyamaza. Wakaushaji nao walikuwa na lao: kreti zilijazwa vichala vichanga ili zihesabike haraka, na zabibu ikishakatwa kwenye mzabibu haiivi tena, hata ukiilaza juani mwezi mzima. Inakauka ikiwa chachu, mteja anairudisha, na lawama anabeba mkaushaji.

Hayo yote yangevumilika. Kilicholipua ni mizani. Ziliingia kilo 120, zikatoka 28 kavu. Mtu akaandika kwenye kundi la WhatsApp, usiku, neno moja tu: "Zimeliwa." Mama mtunza stoo aliliamkia asubuhi, simu ikiwa mkononi mwa mwanawe aliyekuwa anamsomea. Alikuja bandani, akaweka funguo juu ya meza, akaondoka bila kusalimia. Kwa siku tatu hakuna aliyechuma, na nyuki na ndege hawakutusubiri tupatane.

Hapo ndipo mzee mmoja wa kikundi, ambaye vikaoni husinzia zaidi ya kusema, alipopima kilo 4 za zabibu mbele ya watu wote, akazitandaza kwenye wavu wa peke yake katikati ya banda, akasema asiziguse mtu. Kila jioni tulizipima, mchumaji mmoja na mkaushaji mmoja wakisoma mizani kwa sauti. Siku za mwanzo watu walikuja kutafuta mwizi. Baadaye walikuja kutazama maji yanavyokwenda. Wiki ya tatu kwenye wavu ilibaki kilo 1 na gramu chache. Hakuna aliyeiba kitu, jua ndilo lililokunywa. Aliyeandika lile neno aliomba radhi hadharani, akasimama, si kwa simu. Mama alisamehe na yumo humu leo. Lakini funguo za stoo hakuzishika tena, na hatumlazimishi.

Tangu hapo kila mzigo husomwa na watu wawili, mmoja kila upande, na daftari linaning'inia kwenye msumari mlangoni. Zamani lilikaa nyumbani kwangu mimi katibu. Sikuwa na ubaya, ila nani angejua? Kila Jumatatu wachumaji na wakaushaji hubadilishana. Mkaushaji aliyewahi kuinama shambani hasemi tena wenzake wavivu, na mchumaji aliyewahi kutupa zabibu chachu hakati kichala kichanga. Lalamiko husemwa kikaoni Ijumaa, mhusika akiwepo. Likimhusu mwenyekiti, mwenyekiti hukaa chini na mwingine huongoza. Mara mbili imetokea, na hakupenda.

Tunagombana bado. Juzi tumegombana kuhusu nani alisahau kufunika chanja wingu lilipotanda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kabla ya mkopo tunafundishwa kutunza hesabu, na tunashukuru. Tunaomba mafunzo hayo yaongezewe siku moja ya namna ya kusikiliza malalamiko na kusuluhisha, maana kikundi kikivunjika deni halivunjiki. Pili, tunaomba utusaidie kupata mizani ya kidijitali yenye tarakimu kubwa. Hii ya mshale anayesimama kushoto na anayesimama kulia husoma vitu viwili tofauti, na tumeshaona inakotupeleka.

Chakula kiko tayari. Utaona sufuria ni moja, ila mlenda umepikwa na wachumaji, hivyo chumvi tunaomba utuvumilie.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi