Mwalimu wa filimbi atafutwe wapi Lubumbashi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nieleze jambo ambalo limenisumbua tangu mwaka wa shule ulipoanza, nalo ni shida ya kumpata mtu wa kumfundisha binti yangu filimbi. Anayetaka kujifunza gitaa, kinanda au ngoma hahitaji kwenda mbali, kwa kuwa makanisa yamejaa Katuba na Kenya, komuni za mji wetu, na karibu kila moja lina vijana wanaopiga vyombo hivyo. Lakini nilipouliza habari za filimbi, wengi walidhani nasema ile ya mwamuzi wa mpira.

Ninayoitafutia mwalimu ni ile ya kukingama, ya chuma, yenye vibonyezo, ambayo binti yangu aliletewa na mjomba wake kutoka Ubelgiji. Kwa Kifaransa hiyo huitwa fluti, na ile ya kunyooka wanayopuliza watoto shuleni nayo ni fluti. Jina hilo moja ndilo lililonitia hasarani. Bwana mmoja alijitambulisha kuwa mwalimu wa fluti, akataka malipo ya miezi mitatu mbele, nami nikampa. Majuma matano yakapita mtoto hajatoa sauti hata moja iliyo safi, kumbe mwalimu mwenyewe anaijua ile ya kunyooka tu, ambayo pumzi hupita katika mfereji uliokwisha kuchongwa na sauti ikatoka yenyewe. Ya kukingama haina mfereji huo. Midomo ya mpigaji ndiyo inayoipeleka pumzi kwenye ukingo wa tundu, na ikikosea kidogo husikii ila upepo. Wala vidole haviwekwi namna moja, kwa maana mpangilio wa sasa unatokana na Mjerumani Theobald Boehm, aliyeiunda upya filimbi hiyo mwaka 1832 na tena mwaka 1847.

Wapo walionishauri nitafute masomo ya intaneti. Nimejaribu, na mega za simu ziliisha kabla ya somo. Tena mwalimu aliye ndani ya simu hawezi kuuinua kidogo mkono wa mtoto wala kusikia kama sauti imefifia kwa sababu ya midomo au ya mtandao. Wengine hunikumbusha kwamba Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa mashuhuri wa Katanga, hakusomeshwa gitaa na mtu. Ni kweli, ila uzi wa gitaa hulia hata ukiguswa na asiyejua, na filimbi haina huruma hiyo.

Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba wajuzi hawakosekani. Kanisa la Kimbangu lina vikundi vya wapiga filimbi tangu zamani, na katika fanfari, yaani bendi yake ya tarumbeta, wamo watu wazima wanaosoma noti vizuri kuliko sisi tunavyosoma gazeti. Mji huu, ulipokuwa ukiitwa bado Élisabethville, ulikuwa na mtu kama Joseph Kiwele, aliyetunga muziki na kuufundisha. Wajuzi wa leo hawajulikani nje ya kanisa lao, na mzazi asiyesali nao hana pa kuwaulizia.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, naomba gazeti lako litenge pembe ndogo ya matangazo ambamo mwalimu wa muziki ataandika chombo anachokifundisha hasa, komuni anayokaa, kama anakuja nyumbani, na bei ya somo moja. Nasema somo moja kwa makusudi, kwani kulipa miezi mbele sitarudia. Nawaomba na wazazi wenzangu wamwambie mwalimu apige kwanza chombo cha mtoto mwenyewe. Atakuwa ameonyesha ujuzi wake, na kama vifuniko vya matundu vinavujisha hewa ataligundua hilo papo hapo, mtoto asije akakemewa kwa kosa la chombo.

Kwa sasa binti yangu, kwa ushauri wa mzee mmoja wa fanfari, anapuliza kichwa cha filimbi peke yake, dakika chache kila jioni, maana akizidisha huona kizunguzungu. Umeme ukikatika haachi, tofauti na jirani yetu mwenye kinanda. Mwalimu akipatikana, hata akiwa anakaa Ruashi au Kampemba, nauli yake ni juu yangu.

Mzazi na msomaji wako,
Komuni ya Katuba, Lubumbashi