Barua kwa mwanangu: pepo wa adhuhuri

Mwanangu,

Ujumbe wako tuliusoma mimi na mama yako Jumapili baada ya Misa. Huku hatujambo. Bibi bado anakohoa, ila chakula hakimpiti.

Unasema tangu muhula uanze vitabu havikushiki. Ukifungua daftari unajikuta unatazama dirishani, umekichukia chumba, umeichukia hata kozi uliyoililia. Na dada mmoja wa kikundi chenu cha maombi amekwambia una roho ya uzembe iliyokufuata kutoka ukoo wa mama yako, kwa hiyo Ijumaa uende mkesha ukafunguliwe, na usiende mikono mitupu. Mama yako alicheka kusikia ukoo wake umetajwa. Mimi sikucheka.

Sitakwambia pepo hawapo. Injili ya Marko haijamaliza hata sura ya kwanza, Yesu ameshamtoa pepo mchafu katika sinagogi la Kapernaumu. Lakini kama ni habari za pepo, tuwasikilize waliopambana nao kwa miaka, jangwani, bila kipaza sauti.

Mmoja wao ni Evagri wa Ponto. Alizaliwa karibu na mwaka 345 katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akawa shemasi mwenye sifa Konstantinopoli, akampenda mke wa mtu, tena wa mkubwa, akaona heri aukimbie mji. (Wazee wa Kanisa hawakuwa malaika, usidanganyike na picha.) Akaishia Kellia huko Misri, kwenye vijumba vya wamonaki, watawa wa jangwani, vilivyotawanyika mchangani, na huko alifariki mwaka 399. Mafundisho yake mengine yalikuja kulaaniwa, lakini haya ya mapambano ya roho Kanisa liliyashika. Alitaja mawazo manane yanayomwandama mtu, kila moja na pepo wake: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kutafuta sifa na kiburi. Mwishoni mwa karne ya 6 Papa Gregori Mkuu aliyapanga upya, na humo ndimo zilimotoka zile dhambi kuu saba ulizokariri ukijiandaa kwa Kipaimara.

Huyo wa uchovu wa roho ndiye ninayemtaka. Walimwita pepo wa adhuhuri, jina walilolitoa katika Zaburi ya 91. Evagri anasema humvamia mmonaki saa nne na kumzingira mpaka saa nane. Saa zao zilihesabiwa tangu kuchomoza jua, kama zetu, kwa hiyo ni saa nne hiihii unayoijua. Jua linaonekana limegoma kwenda. Siku inakuwa na saa hamsini. Mmonaki anachungulia dirishani, anatoka nje kupima kama saa tisa ya kula imekaribia, anatupa macho huku na huku labda atatokea ndugu wa kupiga naye soga. Kisha anaanza kupachukia pale anapokaa, anachukia kazi, anachukia maisha yenyewe. Anajiambia upendo umekwisha, hakuna wa kumfariji. Anawakumbuka wa nyumbani. Anaihesabu miaka iliyobaki na kuiona haina mwisho. Imepita miaka zaidi ya 1600, na ni ujumbe wako uleule!

Sasa dawa ya Evagri. Haulizi ukoo wa mtu. Anasema usikikimbie chumba wakati wa jaribu. Ukilia, lia, na uiambie nafsi yako maneno ya Zaburi: kwa nini kuinama, ee nafsi yangu? Jipimie kazi, na usiiache mpaka uimalize. Anasema pia kwamba mawazo kutujia au kutotujia haliko mikononi mwetu; yakae au yasikae, hilo ni letu. Na pepo, kwa mafundisho yake, hawauoni moyo. Huo anaujua Mungu peke yake. Wao hukisia kwa maneno yetu na mwenendo wa mwili. Basi huyo dada aliyeusoma moyo wako mpaka kwa babu zako amewapita hata pepo wenyewe.

Husimuliwa pia kwamba Antoni, baba wa wamonaki, alipopatwa na hali hiyo alimwona mtu kama yeye ameketi akisuka kamba, akainuka kusali, akaketi tena kusuka. Ilikuwa malaika, akamwambia: fanya hivi nawe utaokoka. Na Benedikto, ambaye kanuni yake wanaifuata wamonaki wetu wa Peramiho, aliagiza wazee wapite saa za kusoma kuangalia kama kuna ndugu aliyeshikwa na uchovu huo, anapoteza muda na hasomi.

Kuhusu Ijumaa, nakukataza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, haimruhusu mtu kupunga pepo kwa aliyepagawa bila ruhusa ya wazi ya askofu, na anayepewa ruhusa ni padre. Ibada ya kupunga pepo iliyotolewa upya mwaka 1999 inamtaka padre huyo asikimbilie kuamini kwamba ni pepo. Kuna sababu. Mwaka 1976 huko Ujerumani mwanafunzi wa chuo aitwaye Anneliese Michel, binti wa miaka 23 ambaye madaktari walikuwa wakimtibu kifafa, alikufa kwa kukosa chakula na maji baada ya miezi ya kupungwa, na hapo askofu alikuwa ameruhusu. Wazazi wake na mapadre wawili walitiwa hatiani. Ninapomfikiria baba yule, usingizi unaniruka.

Kwa hiyo Jumatatu nenda zahanati ya chuo, ueleze unavyolala na unavyokula, usifiche. Wakikupa dawa, umeze, hata kama kikundi kitasema imani yako ni haba. Padre mlezi wa wanafunzi nimeshaongea naye, anakusubiri. Saa nne kaa na daftari, kurasa mbili tu, kisha uinuke.

Hela ya hosteli nimeituma leo kwa namba ya rafiki yako, maana simu yako haikupatikana. Ukiipata nijulishe.

Baba yako