Asante dada wa kwenye basi la Kasulu

Dada, jina lako sikuuliza, ila shukrani hizi ni zako. Mama alikuwa ameshika shavu lililovimba, karafuu mdomoni, tunampeleka kwa fundi wa kijijini akang'olewe jino. Ukasema kwa upole: palipo na usaha pasiguswe na mtu asiye na dawa ya ganzi wala vifaa vilivyotakaswa, twendeni kitengo cha kinywa na meno, hospitali ya wilaya. Ukauliza kama tuna kadi ya CHF, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Tulikuwa nayo! Tulilipa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba hata matibabu ya jino yamo. Ukashuka nasi stendi, ukatutafutia bodaboda wa bei ya kweli. Sasa mama anatafuna mahindi ya kuchoma. Mungu akuzidishie, dada yangu.