Usimwambie "huna kitu"

Ndugu yangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Yule dada aliyekuja usiku akishika kifua na kusema anakufa, akapimwa moyo ukaonekana mzima, akaambiwa "huna kitu"! Hata mimi nimewahi kumwambia mgonjwa hivyo, na bado linaniuma. Mgonjwa wangu huyo alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, hakuuliza lolote. Aliporudi baada ya wiki kadhaa, alikuwa ameshaacha kupanda basi.

Dada huyo anacho kitu, na huenda ni mashambulio ya hofu. Moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, pumzi kukata, ganzi vidoleni, kuhisi anarukwa na akili: yote humpanda kwa ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika chache. Shambulio moja la hofu halitoshi kuitwa ugonjwa. Muulize kama yanamrudia bila kutarajia, na kama kwa mwezi 1 au zaidi ameishi akihofia lijalo, au amebadili mwenendo ili kulikwepa. Hilo la kukwepa lichimbe, maana wengi huona haya kulisema. Usisahau kuchunguza tezi ya shingo, upungufu wa damu, pumu, kahawa nyingi na dawa anazotumia, maana navyo huweza kuleta dalili kama hizi.

Kisha kaa naye. Mgonjwa asiye na maradhi ya moyo, pumu, kifafa wala mimba, mimi hupumua naye harakaharaka kwa muda mfupi mpaka vidole vianze kumchonyota. Mmoja alishtuka akasema, "Ndiyo hii hii!" Nikamweleza kuwa kupumua kupita kiasi hupunguza kaboni dioksidi kwenye damu, ndipo ganzi na kizunguzungu hutokea. Tiba ya kisaikolojia huanzia hapo: kuzizoea dalili bila kuzikimbia, halafu kurudi kwenye basi, kituo kimoja, kesho viwili.

Ukimpa sertralini, dawa ya kupunguza hofu na sonona, anza na miligramu 25. Siku za mwanzo wasiwasi unaweza kuzidi, kwa hiyo mtahadharishe mapema, la sivyo ataitupa. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na akishapata nafuu huendelea nayo kwa miezi, kisha hupunguziwa taratibu. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, hutuliza upesi, naelewa inavyoshawishi usiku wa manane, lakini mwili huizoea, na kuiacha huwa taabu. Usimfanye aitegemee.

Mwite tena wiki hii, usingoje arudi mwenyewe. Kisha niandikie alichokujibu ulipomuuliza ni wapi siku hizi hathubutu kwenda.

Akupendaye,
Rafiki yako