Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya barabara nchini Burundi: kipande cha Rumonge hadi Gitaza

Kigoma, Mei 2024

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa jina la Bwana. Mimi ni katibu wa kamati ya umisioni ya usharika mmoja wa hapa Kigoma. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu watu wa Rumonge na Nyanza-Lac wanaitumia lugha hii sokoni na kanisani, na ningependa nao waisome barua hii. Nimeamua kuiweka wazi baada ya zile nilizozifunga kwenye bahasha kukosa majibu, hata jibu la kusema zimepokelewa.

Huenda ukauliza Watanzania wanatafuta nini katika barabara ya Burundi. Wenyeji wetu wa Minago na Magara, kando ya kipande hicho, si wageni kwetu. Wamo waliozaliwa huku Tanzania katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watoto wa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliorejea kwao kwa wingi kuanzia mwaka 2008. Wamo pia tuliowafahamu katika kambi ya Mtabila kabla haijafungwa mwaka 2012, ambao tuliimba nao kwaya moja na tukazika nao wafu wao. Walipotuomba tuwapelekee wauguzi na dawa pamoja na Neno la Mungu, hapakuwa na mtu kwetu ambaye angethubutu kusema hapana.

Safari yetu ya mwezi uliopita ilianza vizuri. Kutoka Kigoma hadi Manyovu ni lami, maofisa wa mpakani Mugina walitupokea kwa adabu, na mteremko wa kutoka Mabanda kwenda Nyanza-Lac tuliushuka tukiimba. Tulifika Rumonge saa za mchana tukiwa na dizeli ya kutosha, kwa maana tulijua shida ya mafuta iliyoko kwenu na tukabeba yetu kwenye madumu. Kutoka hapo hadi Minago ni safari fupi ambayo mtu mwenye gari zima angeimaliza kabla chai haijapoa. Sisi ilitumeza mchana wote na sehemu ya usiku.

Naomba usome kwa subira, maana hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Kuna mahali barabara imetengenezwa na gari linakwenda, halafu ghafla kazi inakatika na unaangukia kwenye udongo mtupu uliochimbwa na maji ya mlimani, wenye makorongo yanayofika magotini. Gari letu ni Coaster ya Tanzania, usukani uko kulia, na kwenu magari yanapita kulia. Wakati wa kwenda dereva alikuwa upande wa mlima asione kinachokuja mbele, akimtegemea utingo atoe kichwa dirishani na kumwambia kama njia iko wazi. Wakati wa kurudi alikuwa upande wa ziwa, na palikuwa na mahali ambapo maji yamesogea karibu sana na barabara, naye alikuwa akiangalia tairi lake na ziwa kwa jicho moja. Mzee wetu mmoja, mhubiri ambaye amewafundisha Biblia watu wa pande zote mbili za mpaka, alirushwa kutoka kwenye kiti akagonga kichwa kwenye chuma cha dari. Alishonwa baadaye. Hadi leo hawezi kuinama kufunga viatu vyake. Nusu ya chupa za dawa za watoto za kikohozi na malaria zilipasuka ndani ya maboksi, na fedha ya dawa zile ilitokana na akina mama wanaouza dagaa mwaloni.

Kisha tukakwama. Tulipokuwa tukisukuma, tuliwakuta wanaume wanne wakija kutoka upande wa pili na machela ya kienyeji mabegani, na juu yake mama mjamzito aliyekwisha kushikwa na uchungu. Gari lililokuwa limembeba lilishindwa kuvuka tope lile lile lililotushinda sisi. Mkunga wetu alishuka, akavua viatu, akatembea naye pembeni ya machela akimshika mkono mpaka ng'ambo, ambako pikipiki ilikuwa ikisubiri. Mheshimiwa, mama aliye katika uchungu alipandishwa pikipiki, kwenye barabara kuu inayoelekea Bujumbura, jiji kubwa kuliko yote nchini mwenu. Hatukupata habari zake tena, na mkunga wetu anamwulizia kila mgeni anayevuka kutoka kwenu.

Tulipofika Minago usiku, wagonjwa waliokuwa wametungoja tangu asubuhi walikuwa wamerudi makwao milimani. Wengine hawakurudi kesho yake, kwa sababu mzee mwenye presha hawezi kushuka mlima ule kila siku kwa kubahatisha.

Sasa niruhusu nikukumbushe maneno yako. Ulisimama mbele ya wachungaji na wananchi, nami nilikuwepo, ukasema kwamba kipande hiki kitapitika mvua na jua. Tulikupigia makofi. Wenyeji wetu waliyashika maneno yale wakatuandikia tuje bila wasiwasi. Watu wanaokuamini kiasi hicho wanastahili kuambiwa ukweli hata pale kazi inapochelewa.

Ninajua pia kwamba fedha zilitafutwa. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi mmoja wa nchi zetu mbili: kilomita 260 za Kabingo, Kasulu hadi Manyovu kwa upande wetu, na kilomita 45 za Rumonge hadi Gitaza kwa upande wenu. Sikuandikii ili kuzipigia debe barabara za nchi yangu, ambazo nazo zina mashimo yake. Ninachouliza ni kwa nini kipande kilicho kifupi kiasi hicho kiendelee kuwavunja watu mifupa miaka yote hii.

Sina utaalamu wa barabara, lakini nimesukuma gari pale na nimeona kwa macho yangu. Nadhani tatizo kubwa ni maji kukosa njia. Milima ile imesimama wima juu ya barabara, na mnakumbuka wenyewe maporomoko ya Gitaza ya mwaka 2015. Mvua ikinyesha, udongo unashuka na kuziba makalavati, maji yanapanda barabarani na kuikata. Chini nako Ziwa Tanganyika limejaa mpaka limeingia katika nyumba za watu, na hilo sikulaumu, kwa kuwa hata Kigoma tumehamisha mialo. Huenda pia malori ya mchanga na saruji yanapitishwa yakiwa na mizigo kupita kiasi. Lakini kalavati lililozibwa huzibuliwa kwa majembe, na sikumwona hata mtu mmoja mwenye jembe.

Mapadre wa kwanza kufika Rumonge mwaka 1879 walipita ziwani wakitokea huku kwetu. Baadhi ya wazee wa usharika sasa wanapendekeza nasi tupite huko huko, kwa boti za mizigo. Nimekataa, na nitaendelea kukataa, kwa kuwa ninazijua boti hizo zinavyojazwa na ninaujua upepo wa Juni na Julai. Tungependa kuja kwenu kwa barabara, mchana, na tufike wagonjwa wakiwa bado wanangoja.

Nilikusudia kukuomba mengi, Mheshimiwa, pamoja na fidia ya dawa na alama za barabarani kwenye kona. Nayaacha yote. Naomba kiangazi hiki, kati ya Juni na Septemba, mvua ikiwa imekata, mzibue mitaro na makalavati ya kipande ambacho hakijawekwa lami, mmwage changarawe kwenye makorongo, na mwache greda moja hapo hapo mpaka mkandarasi akamilishe kazi yake. Na mtangaze tarehe ya kuanza, hadharani, kama ulivyotoa ile ahadi.

Wenyeji wetu wametuomba turudi Oktoba. Nahitaji kuwajibu kabla ya mwisho wa Juni, na jibu langu linategemea lako.

Wako katika utumishi,
Katibu wa kamati ya umisioni, Kigoma